Mgeni Aliyehamia Mtaani Kwetu

Hotuba kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na wajumbe wa Halmashauri ya Walei, Dar es Salaam



Tume yetu ya Haki na Amani imeniomba nizungumze juu ya watu wanaohamia mjini. Nilipopewa mada hii nilikusudia kuanza na nyaraka za Kanisa, kama tulivyozoezwa seminarini. Lakini kila niliposhika kalamu nilimkumbuka kijana mmoja, na nikaona kwamba nisipoanza naye nitakuwa nawaficha jambo. Katika habari zake mimi mwenyewe nina lawama.

Miaka michache iliyopita, katika parokia nyingine niliyokuwa nikihudumu hapa hapa jijini, wanaume watatu walinijia ofisini jioni. Mmoja alikuwa saidia fundi, wa pili alikuwa akiuza maji ya chupa barabarani, wa tatu sikumbuki kazi yake. Walikuja kunieleza kwamba kijana waliyekuwa wakipanga naye nyumba moja amefariki hospitalini baada ya homa ya siku nne. Alikuwa mlinzi wa usiku. Walipofungua chumba chake walikuta godoro, ndoo mbili, jiko la mkaa, begi la nguo, na rozari imetundikwa kwenye msumari. Kwa ile rozari walitambua kuwa ni mtu wetu, ndiyo sababu wakaja. Wawili kati ya watatu hao walikuwa Waislamu.

Nami nikauliza swali ambalo sote tumelizoea: "Alikuwa jumuiya gani? Kadi yake iko wapi?"

Wakatazamana. Nikamwita mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa ule, akaja na daftari lake. Jina halikuwamo. Basi nikasema tusubiri hadi tupate uthibitisho kutoka parokia ya kwao, nikaona nimesema neno la busara. Maiti ikakaa chumba cha kuhifadhia siku tatu, na gharama zikaongezeka kila siku, huku wale wapangaji wenzake wakizunguka nyumba kwa nyumba na karatasi ya michango. Siku ya tatu paroko wa huko kusini alinipigia simu. Kijana alibatizwa kule, akapata kipaimara kule, na alikuwa akiimba sauti ya tatu katika kwaya ya kigango. Tukamzika.

Baba yake alifika siku moja baada ya mazishi, kwa kuwa nauli ilichelewa kupatikana. Hakulalamika. Aliniuliza jambo moja tu: "Padri, jirani yake wa kanisani alikuwa nani, nimshukuru?"

Sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Baadaye nilifuatilia. Kijana yule alikaa mtaa ule mwaka mmoja na miezi miwili. Jumapili alikuwa akihudhuria Misa ya kwanza, akisimama nyuma karibu na mlango, kwa kuwa alitoka moja kwa moja lindoni na aliona aibu kukaa na sare yake ya kazi. Na kumbe aliwahi kwenda kwenye jumuiya. Alikwenda mara moja. Akaambiwa kwamba kabla ya kuandikwa alipe kwanza michango ya ujenzi ya mwaka ule mzima, hata ya miezi ile aliyokuwa bado kwao akilima. Hakurudi tena.

Simlaumu mwenyekiti yule. Alifuata utaratibu, na utaratibu nilikuwa nikiutangaza mimi altareni.

Sasa natakeni tutazame utaratibu huo kwa mwanga wa sheria ya Kanisa lenyewe, kwa maana wengi wetu tunadhani kadi imeagizwa Roma. Sivyo. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 102, wasema kwamba mtu aliyekaa mahali kwa muda wa miezi mitatu amekwisha kupata makao ya muda pale. Na akifika akiwa na nia ya kukaa miezi hiyo mitatu, ameyapata tangu siku ya kwanza. Kanuni ya 107 yaongeza kwamba kwa makao hayo mtu anapata paroko wake. Hata yule asiye na makao popote, paroko wake ni wa mahali anapokutwa. Kanuni ya 529 yamwagiza paroko awatafute kwa bidii maskini, wapweke na walio mbali na nchi yao. Yasema awatafute, wala haisemi awangojee. Kanuni ya 848 yakataza mtu kunyimwa sakramenti kwa sababu ya umaskini, na ya 1181 yakataza maskini kunyimwa mazishi yanayostahili. Nimezitaja kwa namba ili mkitaka mzisome wenyewe. Katika zote hizo sikuona mahali palipoandikwa kadi.

Kijana yule basi alikuwa muumini wangu tangu juma lake la kwanza mtaani. Nami nilimwomba uthibitisho akiwa amelazwa katika barafu.

Mtaniuliza: Padri, wataka tufute jumuiya? La hasha. Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, waliziweka jumuiya ndogo kuwa msingi wa uchungaji hasa kwa sababu waliona parokia ni kubwa mno na watu hawajuani. Jumuiya ilibuniwa ili mtu ajulikane. Kama leo imegeuka kuwa kizuizi cha mtu kujulikana, basi tumeishika panga kwa makali na kukata kwa mpini. Tena najua kwa nini michango inadaiwa kwa ukali: kuna watu wanaohama parokia hadi parokia wakikwepa wajibu, nanyi viongozi ndio mnaobanwa na kamati ya ujenzi. Nakiri hilo. Lakini mkwepaji na mgeni ni watu wawili tofauti, na haichukui zaidi ya mazungumzo ya robo saa kuwatofautisha.

Nani basi ni mgeni katika jiji hili? Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Ukiwaacha Wazaramo na jirani zao wa pwani, sisi wengine wote tulikuja na mizigo. Jina la Kariakoo lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, yaani watu waliotolewa makwao. Hata Kanisa lilikuja kama mgeni: Wamisionari Wabenediktini walipofika Pugu mwaka 1888 hawakuwa na barua ya utambulisho kutoka kwa mtu yeyote aliyejulikana pale. Mwaka 1988 mkoa huu ulikuwa na watu wapatao 1,360,000. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wa walioongezeka hawakuzaliwa Ocean Road wala Amana. Waliteremka stendi, zamani Ubungo na tangu mwaka 2021 Mbezi, wakiwa na namba moja ya simu kwenye kipande cha karatasi.

Wazee wetu walikuwa na njia yao ya kumpokea mtu wa namna hii. Kabla ya uhuru palikuwapo vyama vya kusaidiana na kuzikana vya watu waliotoka wilaya moja. Palikuwapo pia utani: Mnyamwezi akifa ugenini, Mzaramo mtani wake hakuuliza kadi, alishika jembe akaenda makaburini, tena akatania njiani. Siwaombi turudi kwenye ukabila. Nasema tu kwamba yule asiyebatizwa alikuwa na desturi ya kumzika mgeni, nasi wenye Injili tumetafuta muhuri.

Serikali nazo, ile ya kikoloni na hizi zetu, mara nyingi zimemtazama mgeni wa mjini kama tatizo la kuondolewa. Wenye umri mkubwa mnaikumbuka Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu wasio na kazi iliyotambulika walipokamatwa mitaani na kusafirishwa vijijini. Wengi walirudi, maana sababu zilizowaleta zilikuwa hazijaondolewa. Sheria yetu ya Kanuni za Adhabu inayo makosa ya uzururaji, katika vifungu vya 176 na 177, yaliyorithiwa tangu ukoloni. Mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake wala si kwa tendo alilolitenda. Yafaa viongozi wa jumuiya mlijue hilo. Kijana akikamatwa saa nne usiku kwa sababu tu hana la kueleza, anayehitaji ni mtu mmoja mwenye anwani atakayefika kituoni asubuhi na kusema: huyu namfahamu, anakaa nyumba fulani. Mdhamini huombwa barua ya serikali ya mtaa, na mgeni hana ndugu mwenye barua hiyo. Katika jumuiya zetu wenye barua ni wengi.

Nije sasa kwenye chumba. Mgeni akishatoka kwa ndugu aliyempokea (na mara nyingi hutoka upesi, maana ukarimu wa chumba kimoja chenye watu sita una kikomo), hukutana na dalali. Dalali hudai kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka, yote kwa mara moja. Mtu anayelipwa kwa siku apate wapi kodi ya mwaka? Hukopa, na mkopo wenyewe hudaiwa kila juma. Palikuwapo zamani sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo kinachobaki ni mapatano, na katika mapatano mwenye funguo ana nguvu kuliko mwenye begi.

Nitasema jambo ambalo huenda likawachukiza baadhi yenu. Wenye nyumba hao wengine wamo humu ukumbini. Sisemi kwamba kupangisha ni dhambi. Wajane wangapi wanasomesha watoto kwa vyumba viwili vya uani! Nasema kwamba mwenye nyumba Mkristo anaweza kupokea kodi ya miezi mitatu, akaandika mkataba wa karatasi moja, akatoa stakabadhi, na asimkatie mpangaji umeme akichelewa siku mbili. Hayo hayahitaji sheria ya Bunge. Na akitaka mpangaji ahame, ampe muda wa kutafuta, maana kumtoa mtu na watoto wakati wa masika, mafuriko yakiwa yamejaa bondeni, ni jambo ambalo hata katika sala ya jioni litakuwa linarudi.

Nimeweka mwisho kundi ambalo limenisumbua kuliko yote, kwa sababu halikai mbali nasi. Limo majumbani mwetu. Ni wasichana wa kazi.

Binti huchukuliwa kijijini kwa ahadi. Aghalabu anayemchukua ni shangazi au mama mdogo, au mtu anayeitwa hivyo. Wazazi huambiwa atasomeshwa ushonaji. Anafika mjini asiyejua hata njia ya kwenda stendi. Huamka saa kumi usiku, hulala wa mwisho, na mshahara wake huambiwa umetumwa kwa mama yake, au umewekwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kwa mfanyakazi mtu mzima yaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma. Nimewahi kuuliza katika semina ya wanandoa ni nani mwenye mkataba wa maandishi na binti anayemlelea watoto. Ukumbi ulikuwa umejaa. Ilinyoshwa mikono miwili.

Mwaka jana nilialikwa kusali na jumuiya moja, Jumamosi alfajiri. Tulisoma habari za Ruthu, yule mwanamke wa Moabu aliyehamia Bethlehemu na kuokota masazo ya shayiri katika shamba la mtu mwingine. Tafakari ilikuwa nzuri. Mama mmoja alieleza jinsi Boazi alivyowaagiza wavunaji wake wasimkemee mgeni na hata waache masuke kwa makusudi. Tukiwa tunazungumza hayo, binti wa nyumba ile alikuwa uani anachemsha chai yetu. Akaleta vikombe, akapiga magoti, akatoka. Nikauliza jina lake la ubatizo. Wenyeji wakatazamana. Ilibidi aitwe aulizwe. Alikuwa Mkatoliki, amekaa humo miaka miwili, na jumuiya ile ilikuwa imesali katika nyumba ile mara nyingi. Hakuwamo daftarini.

Sikuwakemea, kwa sababu nilimkumbuka kijana wa rozari. Lakini nilimwomba mwenye nyumba amruhusu binti akae nasi hadi mwisho, na chai tukaimimina wenyewe.

Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake ya kitume *Octogesima Adveniens* ya mwaka 1971, alieleza kwamba ukuaji wa miji unazaa upweke wa aina mpya, wa mtu aliyezungukwa na umati ambao haumjui wala yeye haujui. Mtu aliyeishi kijijini hupata tabu kuelewa hali hiyo. Kijijini mtu akiwa na njaa jirani anaona jiko halitoi moshi. Hapa watu kumi na wanne wanatumia choo kimoja na hawajui majina ya ukoo wao kwa wao. Nami nilipofika jijini mara ya kwanza, mwaka 2002, kilichonishangaza si magari. Ni kwamba nilisalimia watu kwenye daladala kama tunavyosalimia kwetu, na mtu wa kando yangu akashika mfuko wake.

Basi, tufanye nini? Sina mpango mkubwa. Tumejadiliana na Tume pamoja na Halmashauri ya Walei, tukaafikiana mambo machache ambayo nawaombeni tuyajaribu hadi Pasaka, kisha tukae tuone yameleta nini.

Kwanza, mgeni ataandikwa siku ile ile anapotokea, na michango yake itahesabiwa tangu mwezi unaofuata, kwa kadiri ya kipato chake. Hakuna deni la nyuma. Barua kutoka parokia ya kwao itaombwa, na atakayeiandikia parokia hiyo ni katibu wetu. Mgeni hatatumwa kusafiri kwenda kuifuata. Ikichelewa, huduma haitasubiri, na mazishi hayatasubiri hata saa moja. Hilo nimelichukua juu yangu, na mtu akiulizwa aseme Padri ameagiza.

Pili, jumuiya zinazosali Jumamosi alfajiri tu zitafute pia saa nyingine, hata mara moja kwa mwezi. Mlinzi saa hiyo yuko lindoni, mama lishe anawasha moto, konda yuko barabarani tangu saa kumi. Tumepanga saa inayowafaa wenye mishahara, kisha tukawaita wengine walegevu.

Tatu, kila jumuiya imteue mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, wa kumsindikiza mgeni kwenye ofisi ya serikali ya mtaa apate kuandikishwa na kupewa barua ya utambulisho. Mgeni akienda peke yake aweza kuzungushwa siku tatu, au kuombwa fedha ya muhuri bila stakabadhi. Akienda na mzee anayejulikana, mambo huwa mepesi. Wale kati yenu mlio wajumbe wa serikali za mitaa, hamhitaji kusindikiza mtu. Mnahitaji tu kuwahi ofisini.

Kuhusu wasichana wa kazi, akina mama wa WAWATA wameniambia watalishughulikia wenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa utulivu, wakianza na nyumba zao. Naona wanajua zaidi yangu. Nimeomba tu kwamba binti yeyote aliye chini ya umri wa sheria, au asiyelipwa, habari zake ziletwe kwa Tume na zisiishie kwenye maombi ya waamini.

Wale wapangaji wawili Waislamu bado nakutana nao mara moja moja. Yule muuza maji sasa ana kibanda. Alinieleza kwamba chumba cha marehemu kilipangishwa tena juma lile lile, kwa kijana mwingine, naye ametoka mbali. Nikamuuliza kama ni Mkristo. Akasema: "Hilo sijamuuliza, Padri. Nilimuuliza kama amekula."

Madaftari mapya yako mezani pale nyuma, moja kwa kila jumuiya. Makatibu mtayasaini mkitoka. Mtaona yana safu nne: jina, nyumba anamokaa, parokia aliyotoka, na jina la jirani aliyemtembelea. Safu ya michango haimo. Mchapaji alikuwa ameiweka, nikamrudishia aitoe.